Mbwa wa Mbezi Beach aliyeombewa dawa ya kumtuliza

Ombi lililonifikia lilikuwa la dawa. Mama mmoja mwenye nyumba Mbezi Beach, Dar es Salaam, alitaka mbwa wake apewe kitu cha kumtuliza, na kama hakipo basi atafutiwe mtu wa kumchukua. Mbwa mwenyewe ni dume la German Shepherd la miaka 3, nitamwita Tomi. Kwa miezi kadhaa Tomi alikuwa anabweka mchana kutwa mpaka majirani wakapeleka malalamiko kwa mjumbe. Alikuwa amechimba chini ya ukuta, amechana nguo zilizoanikwa, na wiki ile alikuwa amemkamata mlinzi suruali. Damu haikutoka, lakini mlinzi alisema wazi kwamba mbwa akiendelea kuwepo, yeye haji tena zamu.

"Dokta, huyu mbwa ameharibika," mama aliniambia. "Alipokuwa mdogo alikuwa mzuri sana."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nyumba za namna hii ni nyingi mijini kwetu: ukuta mrefu, geti la chuma, mbwa mkubwa aliyenunuliwa kwa pesa nyingi, na hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumtembeza. Mambo yakishaharibika ndipo swali linakuja, mbwa anatakiwa kufanya mazoezi dakika ngapi kwa siku? Kumjibu mtu kwa namba moja ni rahisi, na mara nyingi ni kumpotosha.

Hali niliyoikuta

Banda liko nyuma ya nyumba, karibu na simtanki. Limejengwa vizuri: tofali, paa la bati, mlango wa nondo, sakafu ya saruji. Tomi huingizwa humo saa 12 asubuhi na kufunguliwa saa 4 usiku, watu wa nyumbani wakishaingia ndani. Hizo ni saa 16. Chakula analetewa humo humo: ugali wa dona na dagaa, siku nyingine vichwa na miguu ya kuku, sufuria mbili kwa siku, tena zimejaa.

Kilichonisimamisha ni sakafu. Saruji yote ilikuwa na ukwaruzo wake wa kawaida, isipokuwa utepe mmoja, upana kama wa kiganja, uliozunguka banda kufuata kuta. Utepe huo ulikuwa laini, unang'aa, umesuguliwa na nyayo. Kwenye kona moja, pale anapogeukia, ukuta ulikuwa na doa jeusi la mafuta ya manyoya, kimo cha bega lake. Nilisimama pale nikimwangalia. Alikuwa anazunguka kwa upande mmoja tu, akifika kwenye kona anainua miguu ya mbele kidogo, anageuka, anaendelea. Hakuwa ananitazama mimi wala hakuwa anambwekea mtu. Alikuwa anatembea tu.

Alipofunguliwa nikasikia kucha zinagonga vigae vya kibarazani. Mbwa anayetembea barabarani hasikiki hivyo, maana kucha husagika zenyewe kwenye ardhi ngumu. Uzito wake ulikuwa kilo 44, wakati dume la aina hii huwa na kilo 30 hadi 40. Mbavu sikuzipata kwa vidole mpaka nibonyeze. Kwenye kipimo cha unene cha 1 hadi 9, ambacho 4 na 5 ndiyo hali nzuri, nilimwandikia 7. Na juu ya kifundo cha mguu wa mbele wa kushoto alikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, hakina nywele, kingo zake zimevimba na kuwa ngumu. Kidonda cha namna hiyo, mahali hapo hapo, mbwa hujitengenezea mwenyewe kwa kulamba.

Kabla ya kusema ni mazoezi

Mbwa aliyebadilika tabia apimwe kwanza. Meno mabovu yanamfanya mbwa awe mkali. Sikio lenye usaha vile vile. Nyonga zinazouma zinamfanya agome kutembea na amng'ate anayemshika kiuno, na German Shepherd ni mojawapo ya aina zinazojulikana sana kwa ubovu wa nyonga wa kurithi. Kupe nao, ambao huku Pwani hawana msimu wa kupumzika, wanaleta magonjwa ya damu yanayomchosha mbwa pole pole.

Lipo na la kichaa cha mbwa, ambalo siliachi hata siku moja mtu akiniambia mbwa wake ameanza kushika watu. Kadi ya chanjo ya Tomi ilikuwa imejazwa kila mwaka bila kuruka. Pia mabadiliko yake yalikuwa yamechukua miezi, ilhali mbwa mwenye kichaa, dalili zikishaonekana, hufa ndani ya siku chache. Hilo likaondoka. Kinywa kizuri, masikio mazuri, damu haikuonyesha homa ya kupe, picha ya nyonga haikuwa na tatizo. Kupe wachache shingoni wakatolewa. Kidonda kikasafishwa, kikapewa dawa, akavalishwa kizuizi cha shingoni ili ulimi usikifikie.

Mama akarudi kwenye dawa ya kutuliza. Nikakataa, na nilimweleza kwa nini. Dawa za usingizi zinazotumika sana kwa mbwa zinaulegeza mwili, lakini kile kinachomsumbua kichwani kinabaki pale pale. Mbwa anaonekana mpole kwa sababu hawezi kunyanyuka. Wako wengine ambao wakilegea hivyo wanashituka kirahisi zaidi na wanang'ata bila kuonya. Zipo dawa za wasiwasi ambazo husaidia baadhi ya mbwa, lakini haifai kuanza nazo kwa mnyama ambaye hajapewa hata haki ya kunyoosha miguu.

"Mbona anakimbia usiku kucha?"

Hapo ndipo tuligongana. Mama alinionyesha kiwanja chake, na kweli ni kikubwa, kina minazi na nyasi. Kwa hesabu yake, kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri Tomi anapata saa 8 za kukimbia atakavyo. Mbwa gani mwingine mtaani ana nafasi hiyo?

Nyumba ina kamera za ulinzi, tukakaa sebuleni kuangalia usiku uliopita. Tomi alitoka bandani kama mshale. Alizunguka nyumba mara nne, akakojolea nguzo za geti, akanusa chini ya gari, akaenda kuchungulia mlango wa jikoni. Halafu akalala kwenye zege mbele ya geti. Toka hapo mpaka asubuhi aliinuka pale tu bodaboda ilipopita au paka alipokatiza juu ya ukuta, akabweka, akalala tena. Tukipiga hesabu kwa ukarimu, mwendo wa usiku mzima haukufika robo saa. Mlinzi naye alithibitisha kwamba ndivyo ilivyo kila siku.

Hili wafugaji wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho. Uwanja haumfanyishi mbwa mazoezi. Mbwa mzima aliyeachwa peke yake mahali anapopajua hana sababu ya kukimbia: harufu ni zile zile za jana, ukuta ni ule ule, hakuna anakokwenda. Anachofanya ni kulinda, na kulinda ni kulala huku sikio moja limesimama. Mwili wake unapumzika, kichwa chake hakipumziki, na asubuhi anarudishwa bandani akiwa na nguvu zote alizotoka nazo.

Vijijini swali hili halipo. Mbwa wa mchungaji anaondoka na mifugo asubuhi na kurudi jioni. Mbwa wa mtaani anajitembeza mwenyewe kutoka jalala hadi buchani. Wana shida zao kubwa: kichaa, magari, mawe, njaa. Lakini kukosa mwendo si mojawapo. Swali la dakika ngapi limeletwa na ukuta. Tumemfungia mbwa ndani kwa sababu nzuri kabisa, kwa usalama wake na wetu, na kwa kufanya hivyo tumejitwisha deni la mwendo ambao angeupata mwenyewe. Msimamo wangu katika kisa hiki ndio huo, na mengine yote yanatokana na huo.

Kiasi gani, basi?

Ukubwa wa deni unategemea ni mbwa gani. German Shepherd alitengenezwa kwa kutembea. Mwaka 1899 kapteni wa askari wapanda farasi wa Kijerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja wa kuchungia, akamwandikisha kwa jina la Horand von Grafrath na kuanzisha chama cha kuzalisha aina hiyo. Alikuwa anatafuta mbwa wa kazi ya kondoo. Kule Ujerumani kondoo walilishwa kwenye vipande vya malisho visivyo na uzio, mashamba ya watu yakiwa kando, na mbwa alitakiwa kwenda na kurudi kwenye mpaka huo kwa mwendo wa mchapuko, kutwa nzima, asimruhusu kondoo kuvuka. Alikuwa uzio unaotembea. Ukimtazama Tomi akizunguka banda lake unaiona kazi hiyo hiyo, ila imekosa kondoo na imekosa mahali.

Chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kinawashauri wenye German Shepherd wawape zaidi ya saa 2 za mazoezi kila siku. Labrador naye anawekewa hivyo hivyo. Chihuahua anatoshwa na nusu saa. Tofauti hiyo peke yake inaonyesha kwa nini mtu akiniuliza "mbwa anahitaji dakika ngapi" lazima kwanza nimwone huyo mbwa.

Wajerumani walijaribu kuiweka namba kwenye sheria. Mwaka 2020 waziri wa kilimo, Julia Klöckner, alipendekeza kila mbwa atolewe nje mara mbili kwa siku, jumla isipungue saa 1. Nchi ikabishana kweli kweli. Mbwa mzee mwenye moyo mbovu na Labrador wa miaka 2 watalinganishwaje? Nani atapita kwenye nyumba za watu na saa mkononi? Kanuni iliyoanza kutumika 2022 haikubeba zile dakika. Inataka mbwa apewe nafasi ya kutosha ya kutembea nje ya banda, kulingana na aina yake, umri wake na afya yake. Kwa maoni yangu walimaliza vizuri kuliko walivyoanza, ingawa namba ile ilikuwa na faida moja: ilimlazimisha kila mwenye mbwa ajiulize lini mara ya mwisho alimtoa.

Kwa Tomi nilianza na zile saa 2 kama mahali pa kufika, halafu nikapunguza kwa sababu zake mwenyewe. Moja, ni mnene na hajawahi kuzoea, kwa hiyo kumkurupusha kutoka robo saa hadi saa 2 ni kumuumiza viungo. Mbili, nyayo zake zilikuwa laini. Tatu, na hii ndiyo kubwa, saa 2 za London si saa 2 za Dar es Salaam.

Joto

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache kwenye nyayo, lakini kazi ya kujipoza inafanywa na ulimi na njia ya hewa: anahema, mate yanakauka, joto linatoka. Njia hiyo inategemea hewa kuwa kavu. Dar mwezi wa Januari au Februari, hewa imejaa unyevu wa bahari, mate hayakauki haraka, na mbwa anahema bila kupoa. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na mbwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mbwa mnene yuko hatarini zaidi, na wale wenye pua bapa kama Pug na Bulldog ndio walio hatarini kupita wote.

Kwa hiyo ratiba ya Tomi ilipangwa kwa jua kwanza. Asubuhi atoke saa 11 na nusu, kabla hakujapambazuka vizuri, na awe amerudi kabla ya saa 1. Jioni asitoke mpaka jua limezama, na mwenye kumtoa aweke nyuma ya kiganja chake kwenye lami kwanza. Kama hawezi kukiacha hapo kwa sekunde chache, mbwa naye hawezi kupita, hata kama hewa imeshapoa. Maji yabebwe kwenye chupa. Nilimfundisha kila mtu wa nyumba ile dalili za kuzidiwa: ulimi umetoka na kupanuka, mate mazito ya kunata, fizi nyekundu kupita kiasi, kuyumba, kutapika. Likitokea hilo, mbwa amwagiwe maji mwili mzima hapo hapo na apepewe, ndipo atafutwe usafiri. Wengi wanakimbilia kumpakia garini kwanza, na dakika zile za foleni ndizo zinazomaliza kazi.

Chakula pia kilipangwa upya. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu wako kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo la dharura linaloua kwa saa chache, hivyo nilitaka asiwe ameshiba anapotoka wala asile akiwa bado anahema. Ugali ukapunguzwa, na sehemu ya chakula ikaacha kuwekwa kwenye sufuria: dagaa wakavu wanatawanywa kwenye nyasi, awatafute kwa pua. Watu hudharau kunusa wakidhani ni kupoteza muda wakati wa matembezi, wanamvuta mbwa asonge mbele. Mimi namwambia kijana amwache. Kwa mbwa, kona moja iliyopitiwa na mbwa wenzake na paka ina habari nyingi, na kuzisoma kunamchosha kwa namna ambayo mbio haziwezi.

Kuhusu uzito, kuna utafiti mmoja ninaowatajia wafugaji wengi. Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote huko Marekani, nusu yao wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Nusu ya mbwa waliopunguziwa walivuka miaka 13, wakati wenzao nusu yao walikuwa wameshakufa wakifika miaka 11 na kitu, na waliokonda walichelewa kupata maumivu ya viungo. Matembezi bila kugusa sufuria hayatampunguza mbwa unene.

Nani atashika mkanda

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimekubaliwa kwenye karatasi. Kazi ngumu ilikuwa watu.

Mama anatoka nyumbani saa 11 alfajiri kukwepa foleni ya Barabara ya Bagamoyo na anarudi saa 2 usiku. Watoto ni wadogo kwa mbwa wa kilo 44. Dada wa kazi anamwogopa. Mlinzi wa usiku alikuwa tayari kusaidia, lakini ni Mwislamu, na kwa watu wa Pwani ambao wengi wao ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mama alitaka kulipita hilo haraka haraka, kana kwamba ni kisingizio. Mimi sikukubali. Mtu anayeswali mara tano kwa siku, kazini kwake, ana haki ya kutolambwa. Nilimuuliza mzee mwenyewe anachoweza na asichoweza, na akaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi: kushika mkanda mkavu hakumpi shida, kufungua banda hakumpi shida, chombo cha chakula na ulimi wa mbwa ndivyo asivyovitaka. Yeye akapewa kufungua na kufunga. Hajamgusa mbwa mdomoni hata leo, na Tomi anamtii kuliko wote.

Matembezi yenyewe yakaangukia kwa kijana wa bustani. Ana miaka 22, anatoka Singida, amekulia kwenye mbwa wa kuchungia, na ndiye peke yake pale nyumbani ambaye hakujibanza ukutani Tomi alipotoka. Nilisisitiza kwa mama jambo moja ambalo najua waajiri wengi hulikwepa: hii ni kazi ya kuamka saa 11 alfajiri kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na ilipwe kama kazi. Kumwongezea mtu mbwa juu ya bustani na gari la kuosha bila kumwongezea mshahara ni kumwandaa amfunge mbwa kwenye mti nyuma ya duka na kukaa kwenye simu mpaka muda uishe. Mama alilipokea hilo vizuri, nampa heshima yake.

Njia nayo ilichaguliwa kwa miguu, si kwa kukisia. Saa 11 na nusu watu wanatoka msikitini, wengi wakiwa na kanzu safi na udhu, na mbwa mkubwa kupita katikati yao ni kuwaudhi bila sababu. Njia ya asubuhi ikapitishwa upande wa pili, barabara ya vumbi inayoelekea baharini. Jioni watoto wako nje wanacheza, na watoto wa uswahilini wana kila sababu ya kumwogopa mbwa, wamekua wakisikia habari za kichaa. Kwa hiyo Tomi alivalishwa kifaa cha mdomo cha aina ya kikapu, ambacho kinamruhusu kupanua kinywa na kuhema. Zile za kitambaa zinazobana mdomo nilizikataza, kwa joto letu zinaweza kumuua mbwa. Mnyororo wa shingoni ukabadilishwa kwa mkanda wa kifuani, kwa sababu siku za mwanzo alivuta kwa nguvu mpaka kijana akaanguka na kuchubuka magoti.

Kilichofuata

Tulianza na dakika 20 asubuhi na 15 jioni, mwendo wa kawaida, hakuna kukimbia. Wiki hadi wiki zikaongezwa dakika tano tano, sharti likiwa kwamba asubuhi inayofuata Tomi ainuke bila kukakamaa na nyayo zisiwe na mchubuko. Mtoto mkubwa wa nyumba alitaka kumkimbiza kwa baiskeli, nikamzuia mpaka uzito ushuke. Mwishowe ratiba ilitulia kwenye dakika 50 asubuhi na 40 jioni, pamoja na kutafuta dagaa kwenye nyasi na dakika chache za mafunzo ya kukaa, kusubiri na kuja akiitwa. Inafika zile saa 2, ila imekatwa vipande vinavyoendana na hali yetu ya hewa. Banda likaachwa wazi mchana. Anafungiwa wageni wakija tu.

Kubweka mchana ndiko kulikopungua kwanza, ndani ya wiki tatu hivi, na sikushangaa, maana mbwa aliyechoka vizuri analala. Kidonda kikajifunga. Kucha zikafupika bila mkasi. Uzito ulichukua muda mrefu zaidi, na kutoka 44 ukaja 38.

Mama alikuwa na hofu moja ambayo hakuisema mapema: kwamba mbwa akizoea mtaa atazoea na wezi. Ni hofu ya kweli, ndiyo inayowafanya wengi wafungie mbwa wao kwa makusudi wakiamini giza la banda linamwongezea ukali. Mlinzi ndiye aliyeijibu. Zamani Tomi alikuwa anabwekea kila kitu, hivyo mzee alikuwa ameshaacha kuinuka. Sasa mbwa anazijua sauti za mtaa, bodaboda za kila siku anaziacha zipite, na akibweka mzee anachukua tochi. Mbwa anayebwekea kila kitu halindi chochote, kwa sababu hakuna anayemsikiliza tena.

Si kila kitu kilikwisha. Ile tabia ya kuzunguka bado inamrudia nyumba ikijaa watu, na usiku wa mwaka mpya, fataki zikianza, alikutwa bandani kwenye utepe wake ule ule. Mwendo uliorudiwa kwa miaka unakaa mwilini, na nilimwambia mama asitegemee ufutike wote.

Kipimo cha kweli kilikuja bila kupangwa. Kijana wa bustani alikwenda kwao kwenye mavuno, na hakuna aliyewekwa nafasi yake. Kwa zaidi ya wiki mbili Tomi hakutoka nje ya geti. Chakula kilikuwa kile kile, banda lilikuwa wazi, kiwanja ni kile kile kikubwa, watu wa nyumbani ni wale wale. Nilipoitwa, nywele juu ya kifundo cha kushoto zilikuwa zimeshanyonyoka tena, ngozi imelowa mate, na majirani walikuwa wameshaanza kuulizia. Sikuandika dawa yoyote isipokuwa ya kupaka. Kijana aliporudi, matembezi yakarudi, na mguu ukapona. Kwa daktari, tukio kama hilo lina uzito kuliko maneno yangu yote ya kwanza sebuleni.

Baada ya hapo mama aliweka mtu wa pili, kijana wa duka la jirani, anayetembea na Tomi mara mbili kwa wiki ili mbwa amzoee kabla ya likizo nyingine. Masika wameipanga pia: mvua ikinyesha asubuhi, wanatoka inapokatika, na kama barabara imejaa maji siku nzima wanaongeza michezo ya pua kwenye kibaraza, kwani maji ya mafuriko ya mjini yana mkojo wa panya, na ndani yake vimelea vya homa ya mgunda (leptospirosi). Chanjo ya ugonjwa huo imeongezwa kwenye kadi yake.

Tomi sasa anakaribia miaka 5. Kwa mbwa wa ukubwa wake uzee unaanza kubisha hodi kwenye miaka 7 au 8, na dakika zile zitabidi zishuke. Tumekubaliana nyonga zipigwe picha kila mwaka, na kijana ameshaambiwa cha kutazama: akichelewa kuinuka asubuhi, akisita kuruka mtaro aliokuwa anauruka, akiburuza kucha za miguu ya nyuma, asingoje miadi. Anipigie yeye mwenyewe, namba anayo.